Jaketi lako halina kosa, kinachokusumbua ni risasi

Swali: Nimepiga mbizi mara 22. Siku zote nilikuwa naazima vifaa, sasa nimenunua jaketi la kuelea langu mwenyewe, la aina ya kawaida lenye mifuko ya risasi kiunoni, yaani vile vipande vya madini mazito vya kumsaidia mpiga mbizi kuzama. Nina kilo 74, navaa suti ya milimita 5, natumia mtungi wa alumini wa lita 11, na napiga mbizi baharini. Nabeba kilo 11 za risasi kwa sababu ndizo nilizopewa siku ya kwanza ya mafunzo. Miguu yangu inazama, nachoka kupiga mapezi, na kila tukisimama mita 5 kabla ya kupanda najikuta nimeibuka juu peke yangu. Kuna aliyeniambia niongeze risasi. Je, jaketi ndilo bovu? Nilifunge na kulirekebisha vipi?

Jibu: Kwa maelezo yako, jaketi ni zima. Ila hata ukilibadilisha mara tatu, miguu itaendelea kuzama na wewe utaendelea kuibuka. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu ya ile namba 11. Kwa mwili wako, suti yako na mtungi huo, sitashangaa ukiishia kilo 7 au 8. Na huyo aliyekwambia uongeze, msamehe. Nami niliwahi kutoa ushauri huohuo nilipokuwa mgeni katika kazi hii, na nilikosea.

Tukubaliane kwanza kazi ya jaketi ni ipi. Hicho kifaa ambacho wapiga mbizi karibu wote hukiita kwa kifupi BCD ni mfuko wa hewa wenye mikanda. Juu ya maji kinakuweka uelee bila jasho. Chini ya maji kinafidia vitu viwili tu vinavyobadilika: hewa ya mtungini, ambayo ina uzito na unaimaliza kidogo kidogo, na suti, ambayo inasinyaa kadiri unavyoshuka na kupoteza nguvu yake ya kuelea. Basi. Si lifti ya kukupandisha wala si breki ya kukuzuia. Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza regulata yao, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungini, mwaka 1943 hapakuwa na jaketi la namna hii, na watu walishuka na kupanda kwa miaka mingi wakitegemea risasi iliyopimwa sawasawa na mapafu yao. Simshauri mtu arudi huko, lakini ukitaka kujua kipi ni msingi na kipi ni nyongeza, hapo ndipo pa kutazamia.

Sasa kitendawili chako: inakuwaje aliyebeba risasi nyingi ndiye anayeibuka?

Tuseme umebeba kilo 4 zaidi ya unazohitaji. Ukiwa mita 20, ili usiendelee kushuka, lazima utie lita 4 za hewa kwenye jaketi, kwa kuwa kila lita ya hewa chini ya maji hubeba takriban kilo moja. Pale mita 20 mgandamizo ni bar 3: moja ya hewa ya angani, mbili za maji yaliyo juu yako. Anza kupanda. Mita 10 mgandamizo umebaki bar 2, na lita zako 4 zimekuwa 6. Mita 5 ni bar 1.5, na sasa ni lita 8. Hujagusa kitufe, hujafanya kosa lolote unaloweza kuliona, lakini kinachokuvuta juu kimekuwa maradufu. Kanuni hii mwanasayansi Robert Boyle aliitangaza mwaka 1662 na bahari haijawahi kuivunja. Mwenzako aliyebeba risasi sahihi hana zile lita 4 kabisa. Alicho nacho jaketini ni kidogo kiasi kwamba kikitanuka anakimudu kwa kutoa pumzi tu.

Ongeza na miguu. Mtu ambaye miguu yake iko chini na kichwa juu, kila pigo la pezi linasukuma maji chini, na mwili unaitikia kwa kwenda juu. Kwa hiyo wewe ulikuwa unazama na kujipandisha kwa wakati mmoja, na mambo hayo mawili yalikuwa yanafichana. Ukitaka ushahidi, mbizi ijayo mkiwa kina cha mita 10, chini yenu pakiwa mchanga mtupu, mwambie mwenzako akutazame, kisha acha kupiga mapezi kabisa. Ukianza kushuka kama mfuko wa saruji, ujue ni miguu iliyokuwa ikibeba ile risasi ya ziada, na hewa yako imekuwa ikiishia kwenye kazi hiyo.

Lazima niseme pia kwamba wapo wanaoibuka mita 5 kwa sababu iliyo kinyume, yaani risasi imepungua kweli. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukiwa umejaa bar 200 una hewa yenye uzito wa kilo 2.7 hivi. Ukibaki na bar 50, umeshapoteza kilo 2. Mtungi uleule uliokuwa unazama kidogo mwanzoni sasa unataka kuelea. Kuwatofautisha hawa wawili ni rahisi, na ndilo jambo la kwanza ningekutaka ujaribu. Mkifika mita 5 na geji yako inasoma karibu bar 50, toa hewa yote iliyomo kwenye jaketi, yote kabisa, ukiwa umeshika kamba ya kushukia ili usimtishe mtu. Jaketi likiwa tupu na bado unavutwa juu huku ukipumua kawaida, risasi ni chache. Ukianza kuzama na kamba ndiyo inakushikilia, risasi ni nyingi. Ukibaki hapohapo, ukipanda kidogo unapovuta pumzi na kushuka kidogo unapoitoa, hapo ndipo tunapopatafuta.

Kupima risasi

Fanya kipimo mwisho wa mbizi, si mwanzo. Mwanzo suti ina mapovu ya hewa yaliyojificha kwenye kitambaa, hasa suti mpya au kavu, na mtu mwenyewe bado ana wasiwasi na amejaza kifua. Vyote hivyo vinadai risasi ambayo baada ya robo saa haitakuwa na kazi. Nadhani ndivyo ulivyopewa zile 11: siku ya kwanza, suti kavu, moyo unadunda, na mwalimu ana wanafunzi wengine wanne wanaosubiri. Kwa mwanafunzi ambaye lazima ashuke leo, kumzidishia ni njia ya mkato. Kosa ni kwamba hakuna aliyekuita baadaye akakupunguzia.

Basi, ukiwa na bar 50, mahali ambapo miguu haigusi chini, vaa kila kitu utakachovaa siku zote. Regulata mdomoni. Simama wima majini, funganisha vifundo vya miguu ili usidanganye kwa kupiga mapezi bila kujijua (karibu kila mtu hudanganya hapa), halafu toa hewa yote ya jaketi. Vuta pumzi ya kawaida, si ile ya kujaza kifua mpaka mabegani, na uishike kidogo. Maji yanatakiwa yasimame usawa wa macho. Kisha itoe pumzi polepole: uanze kuzama taratibu. Ukizama hata kabla ya kuitoa, ondoa kilo moja, rudia. Ukibaki kichwa chote kiko nje, ongeza kilo moja.

Ikibidi kupima mtungi ukiwa umejaa, pima vilevile kisha ongeza kilo 2 kwa ajili ya hewa utakayoivuta. Watu huisahau hii, wanapata kipimo kizuri asubuhi, na saa moja baadaye wanaelea kama boya.

Namba utakayoipata si ya maisha. Ni ya suti hiyo, mtungi huo na maji hayo. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia mbili na nusu hivi, na kwa mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote wanafika kilo 100, hiyo ni karibu kilo 2.5 za kupunguza akihamia maji yasiyo na chumvi. Ukibadilisha mtungi wa alumini kwa wa chuma, punguza kama kilo 2 kisha pima upya, kwa kuwa mingi ya chuma haielei hata ikikaribia kuisha. Suti nayo inazeeka: vipovu vya hewa vilivyomo ndani ya neopreni hupondeka mbizi baada ya mbizi, na suti ya miaka mitano inadai risasi kidogo kuliko ilivyokuwa dukani. Andika kila kipimo kwenye daftari lako la mbizi: suti, mtungi, aina ya maji, risasi, na ulijionaje mita 5. Baada ya mbizi kumi hutahitaji tena kumuuliza mtu, mimi nikiwemo.

Kulifunga jaketi kwenye mtungi

Lowesha mkanda wa mtungi kabla ya kuukaza. Nailoni ikiloa inalegea, na mkanda uliokazwa mkavu mashuani utauacha mtungi uteleze ukishaingia majini. Ni jambo dogo lakini nimeona mitungi mingi ikining'inia kwa mpira wa regulata kwa sababu hiyo tu. Uvalishe mtungi, tundu la valvu likitazama upande wa mgongo wako na kishikio cha kufungulia kikiwa kulia kwako. Ukaze mkanda, funga bizimu, kisha shika jaketi kwa juu na ulinyanyue kwa nguvu pamoja na mtungi, ulitikise. Mtungi ukishuka hata kidole kimoja, fungua, anza upya. Kama jaketi lina kitanzi kidogo cha kupitisha shingoni mwa mtungi, kitumie. Ni bima, na kinakusaidia kufunga kwenye kimo kilekile kila mara.

Kimo ndicho watu wengi hukifanya kwa kubahatisha. Mtungi ukiwa juu mno, kisogo chako kitagonga regulata kila unapotazama mbele, na utapiga mbizi ukiwa umeinamisha kichwa kama aliyekosa. Ukiwa chini mno, uzito wote unashuka nyongani na miguu inafuata. Anzia pale ambapo ukingo wa juu wa jaketi uko sawa na shingo ya mtungi, halafu rekebisha sentimita mbili mbili kadiri utakavyojiona majini. Tutalirudia hili.

Kagua oringi, ile pete ndogo ya mpira kwenye valvu, kabla ya kufunga regulata. Ikiwa imepasuka au haipo utaisikia ukifungua hewa.

Kulivaa

Livae juu ya suti, kamwe si juu ya fulana ukiwa sebuleni ukaamini vipimo vyako. Legeza mikanda yote ya mabegani hadi mwisho, ingia, kisha funga kiunoni kwanza. Kiuno kikishakaa, vuta ya mabegani ikaze bila kukubana, na ya kifuani iwe ya mwisho na iwe nyepesi. Wanaoanza na mabega hulipandisha jaketi juu, na wakiwa juu ya maji wamelijaza hewa linawafika masikioni. Hilo la kufika masikioni si kosa la ukubwa mara zote. Mara nyingi ni mkanda wa kiuno uliolegea baada ya suti kusinyaa. Kama jaketi lako lina mahali pa kufungia mkanda wa kupita katikati ya miguu, ufunge. Linatulia kabisa, ingawa utachekwa kidogo unapotembea nchi kavu.

Ukiwa umelivaa, lijaze hewa mpaka valvu ya usalama ilie na kuachia. Vuta pumzi ndefu. Kama mbavu zimebanwa huwezi kupumua vizuri, legeza kifuani na kiunoni au, samahani kusema, jaketi ni dogo. Jaribu pia mikono yako yote miwili ifike kila mahali inapopaswa kufika bila kutazama: vitufe, kamba za kutolea hewa, mifuko ya risasi. Majini hutapata nafasi ya kuinama na kutafuta.

Miguu inayozama

Kifua chako kina mapafu, na mapafu ni boya. Risasi yako yote iko kiunoni, chini ya boya hilo. Boya juu, risasi chini: maji yatakusimamisha wima kama yanavyousimamisha mti wa kuvulia uliofungwa uzito mkiani. Hakuna nguvu ya tumbo wala ya miguu itakayoshinda jambo hilo kwa dakika 50. Dawa ni kusogeza uzito uende juu, karibu na mapafu.

Ukishapata jumla sahihi, tuseme ni 8, chukua 2 kati ya hizo uzitie kwenye mifuko midogo inayofungwa kwenye mkanda wa juu wa mtungi, moja kila upande. Kama jaketi lako halikuja nayo, huuzwa peke yake na hupitishwa kwenye mkanda huohuo. Kisha shuka mita 5 au 6, kwenye mchanga, lala kifudifudi, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele, na usiguse chochote. Hesabu hadi ishirini bila kusogeza mapezi. Ukiona miguu bado inashuka, pandisha mtungi sentimita mbili, au ongeza nusu kilo juu na uitoe kiunoni. Ukiona kichwa kinaanza kuinama, umepitiliza. Utafiti huu mdogo ni bora uufanye mbizi nzima bila kupanga kuona samaki wala mwamba. Mwenzako atachoka, mnunulie kinywaji.

Mambo mawili yanaharibu kipimo hiki. La kwanza ni mapezi: yale mazito ya mpira yanavuta miguu chini, mepesi ya plastiki yanaiacha ielee, na mtu akibadilisha mapezi hushangaa kwa nini mlalo wake umebadilika. La pili ni mtungi wa alumini, ambao ukianza kuisha sehemu yake ya chini huelea na kukuinua nyonga. Kwa hiyo usitafute mlalo kamili wakati umejaa. Afadhali miguu ishuke kidogo mwanzoni kuliko kupambana nayo mwishoni.

Onyo moja kuhusu risasi ya mgongoni: haitupiki kwa haraka. Ile ya kiunoni, kwenye mifuko ya kuchomoa, ndiyo utakayoiachia ukiwa juu ya maji na umepata shida. Usihamishie yote juu. Na hiyo mifuko ya kiunoni, ukiichomeka usikie kishikizo chake kikilia "ta!", kisha ivute kwa nguvu kuhakikisha. Mfuko wa kilo 3 ukidondoka wenyewe ukiwa mita 18, wewe utapanda kwa kasi ambayo hakuna mafunzo yanayoipendekeza.

Kijazio na valvu

Kile kishikio cha bega la kushoto chenye vitufe viwili nitakiita kijazio. Kitufe kimoja kinaingiza hewa kutoka mtungini kupitia mpira mwembamba, kingine kinafungua njia ili uitoe au uipulize kwa mdomo. Kabla ya kila mbizi, bonyeza cha kwanza, achia, na sikiliza. Hewa ikate pale pale. Jaza jaketi hadi liwe gumu na uliache dakika kumi wakati unapanga vitu vingine. Likilegea, pana mahali panavuja. Vuta kila kamba ya kutolea hewa uone inafunguka na kufunga. Puliza kwa mdomo pia, kwa sababu siku mpira wa hewa ukikataa, hiyo ndiyo njia utakayobaki nayo.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinipata. Miaka ya nyuma nilitumia jaketi la kuazima ambalo lilikuwa limekaa bila kusuuzwa baada ya safari iliyopita. Chumvi ilikuwa imeganda ndani ya kitufe. Juu kilifanya kazi vizuri, nilikijaribu mara moja tu na kuridhika. Mita 18 nilibonyeza kidogo, nikaachia, na hewa haikukata. Jaketi likaendelea kujaa lenyewe, polepole, kwa sauti ya nyoka. Nilichofanya ni kuchomoa mpira wa hewa kwenye kijazio kwa mkono mmoja, na mwingine ukavuta kamba ya valvu. Nilikuwa nimepanda mita nne nilipolimudu. Mkono ulijua cha kufanya kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuufunga na kuufungua mpira ule kila siku kazini. Wewe fanya zoezi hilo makusudi, ukiwa bwawani, hewa ikiwa imefunguliwa, kwa sababu ule mshikamano unakuwa mgumu zaidi ukiwa na mgandamizo. Ukivaa glavu baharini, uvae na bwawani. Na kumbuka katika hali yoyote kama hiyo: usizuie pumzi. Hewa inayotanuka jaketini inatanuka na kifuani.

Valvu za kutolea hewa zina kanuni moja ambayo ukiielewa hutamlaumu tena mtengenezaji: hewa hukimbilia mahali palipo juu. Ukiwa wima, juu ni bega, kwa hiyo tumia kamba ya bega au inua kijazio hadi kiwe juu kuliko kichwa. Ukiwa umelala kifudifudi, juu ni nyonga, basi tumia valvu ya nyuma na uinue nyonga upande huo kidogo. Mtu anayebonyeza kijazio akiwa amelala na mkono uko chini ya kifua anabonyeza bure. Hewa iko mgongoni na haina pa kutokea. Huenda hiyo nayo ni sehemu ya hadithi yako ya mita 5.

Namna ya kulitumia

Gusa, usibonyeze. Bonyezo fupi, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa, kisha vuta pumzi mbili tatu uone limefanya nini. Mwili wako na vifaa ni mzigo mkubwa, hauitikii papo hapo. Anayebonyeza mara ya pili kabla ya kuona jibu la mara ya kwanza huishia kutoa, kujaza, kutoa, kujaza, na hewa ya mtungini ndiyo inayolipa. Pumzi nayo inachelewa vilevile: ukivuta, utapanda baada ya muda mfupi, si hapo hapo. Pumzi ya kawaida ikiwa na kina kidogo zaidi au kidogo pungufu inaweza kubadilisha uzito wako majini kwa zaidi ya kilo moja, na hiyo ndiyo sukani yako ya kila dakika. Jaketi liguse unapobadilisha kina kwa mita kadhaa, na ukishapata utulivu liache.

Unapopanda, kamwe usilijaze ili likuinue. Piga mapezi taratibu, shika kamba ya valvu tayari, na utoe hewa kidogo kabla hujahisi kuvutwa, si baada ya. Mita 10 za mwisho ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu hapo mgandamizo unashuka kutoka bar 2 hadi 1 na kila kilichobaki jaketini kinataka kuwa mara mbili. Kutoka mita 30 hadi 20 hewa yako inaongezeka kwa theluthi tu. Kwa hiyo punguza mwendo kadiri unavyokaribia juu, usizidi mita 9 kwa dakika.

Kuhusu utunzaji sina mengi: suuza nje kwa maji yasiyo na chumvi, tia maji hayohayo na ndani kupitia kijazio, tikisa, pindua uyamwage kupitia valvu iliyo chini, na bonyeza vitufe mara nyingi vikiwa ndani ya maji. Likaushe kivulini, ulihifadhi likiwa na hewa kidogo ili kuta za mfuko zisigandane.

Sasa ratiba yako. Usiruke kutoka 11 hadi 7 kwa siku moja. Mbizi ijayo chukua 9, mwenzako awe na kilo moja ya akiba mfukoni, na mwisho wa mbizi fanyeni kile kipimo cha jaketi tupu mita 5. Kama bado unazama, inayofuata iwe 8. Ukifikia hapo ndipo uanze kuhamisha zile 2 kwenda juu ya mtungi. Ukigeuza vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kilisaidia. Na leo, kabla hata ya kufika majini, livae jaketi, fumba macho, na utafute kwa mkono kamba ya valvu ya nyuma. Kwenye majaketi mengi iko upande wa kulia, lakini si yote.